Jinsi ya kujilinda na sumu za metali mkiishi karibu na mgodi uliotelekezwa

Mgodi ukifungwa, ajira huondoka, mitambo huondoka, walinzi nao huondoka. Mawe yaliyosagwa hubaki. Yanalundikana kama kilima, watoto wanateleza juu yake, mifugo inapita, na upepo wa kiangazi ukivuma unabeba kile kilicho laini zaidi na kukileta mpaka mlangoni. Mgodi wa risasi na zinki wa Kabwe, nchini Zambia, ulifungwa mwaka 1994 baada ya kuchimbwa kwa karibu miaka 90. Watoto waliozaliwa baada ya hapo, ambao hawajawahi kuona mtambo ukizunguka, bado wanakutwa na risasi nyingi mno kwenye damu.

Mwongozo huu ni wa mzazi, kiongozi wa mtaa, mwalimu au mhudumu wa afya ya jamii anayeishi mahali pa namna hiyo. Naomba mshike jambo moja kabla ya mengine yote: msisubiri mtu augue. Risasi inaweza kuwa imejaa kwenye damu ya mtoto na mtoto akaendelea kucheza kama kawaida, huku ubongo wake ukiumia kwa namna isiyorudishika. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Kazi ya kwanza ni kukata njia inayopita sumu kutoka kwenye lundo hadi mdomoni, na sehemu kubwa ya kazi hiyo inaweza kuanza leo, kabla hamjapata kipimo chochote.

Hatua ya 1: Ulizeni mgodi ulichimba nini, na ulichenjua vipi (yaani ulitenganishaje metali na mawe)

Kila mgodi una sumu zake. Palipochimbwa risasi na zinki, tegemeeni risasi na kadimiamu. Palipochimbwa shaba, pamoja na shaba yenyewe kunaweza kuwa na aseniki na kadimiamu. Dhahabu ina mambo mawili: zebaki iliyotumiwa kukamatia dhahabu, na aseniki au risasi iliyokuwemo ndani ya mwamba tangu mwanzo. Hili la pili husahaulika. Katika jimbo la Zamfara, Nigeria, mwaka 2010, watoto zaidi ya 400 walikufa kwa sumu ya risasi iliyotoka kwenye mawe ya dhahabu yaliyokuwa yakisagwa majumbani. Watu walikuwa wanatafuta dhahabu, na risasi ilikuwa inaingia nayo ndani.

Watafuteni wazee waliofanya kazi pale. Waulizeni: mawe yalisagwa wapi? Yalioshwa wapi? Tanuri la kuyeyushia lilikuwa upande gani, na moshi wake ulikwenda wapi? Tope lilimwagwa bonde gani? Mzee mmoja anaweza kuwaonyesha kwa kidole mahali ambapo leo ni uwanja wa mpira na zamani palikuwa bwawa la topesumu, yaani tope lenye sumu lililobaki baada ya kuchenjua. Hakuna ramani ya ofisini itakayowapa hilo kwa wepesi huo. Andikeni kila anachosema, na mwende naye akiwa na nguvu ya kutembea.

Kisha yaangalieni maji yanayotoka mgodini. Mawe yenye salfa yakikutana na hewa na maji hutengeneza asidi, na asidi huyeyusha metali zilizomo kwenye mwamba na kuzipeleka mtoni. Alama yake ni utando wa rangi ya kutu au chungwa juu ya mawe ya kijito, na kijito kisicho na samaki wala vyura. Lakini maji maangavu yasiwadanganye: metali iliyoyeyuka haionekani, haina harufu, na maji yenye asidi kali yanaweza kung'aa kuliko ya kisima chenu. Pia jambo hili linaweza kuchelewa. Huko Picher, mji wa migodi ya risasi na zinki jimboni Oklahoma, nchini Marekani, pampu za kutoa maji mgodini zilizimwa uchimbaji ulipokoma, mashimo yakajaa maji polepole, na mwaka 1979 maji mekundu yakaanza kububujika juu ya ardhi na kuingia katika kijito cha Tar Creek. Kama mgodi wenu umefungwa miaka kumi na kijito bado ni safi, endeleeni kukiangalia.

Hatua ya 2: Choreni ramani ya njia

Karatasi kubwa moja inatosha. Wekeni malundo (yale ambayo wachimbaji huyaita magwangala au marudio), mashimo, vijito, visima, shule, viwanja vya michezo, mashamba, na mwelekeo wa upepo wa kiangazi. Chora mshale kutoka kila chanzo hadi kwa mtu.

Mshale mmoja watu huusahau: mawe na mchanga wa mgodi uliobebwa kwenda kujengea. Kule Picher kokoto za mabaki zilimwagwa barabarani, kwenye viingilio vya nyumba, hata kwenye masanduku ya mchanga ya watoto. Ulizeni nyumba kwa nyumba ni nani alichukua kifusi cha mgodi kujazia uwanja, kufyatulia matofali au kupigia lipu. Mnaweza kukuta nyumba iliyo mbali na lundo ndiyo yenye udongo mchafu kuliko zote, kwa sababu lori moja lilimwaga mzigo pale miaka ishirini iliyopita.

Hatua ya 3: Kaa sakafuni umwangalie mtoto mdogo

Nusu saa tu. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu anatambaa hadi kizingitini, anashika kiatu cha baba, anapapasa sakafu, anaweka vidole mdomoni. Anaokota kijiko kilichoanguka, anakilamba. Anarudi kizingitini. Hesabu ni mara ngapi mkono umekwenda mdomoni, na kila mara ujiulize mkono ule ulitoka kushika nini. Vumbi linalodhuru ni laini kama unga, linaganda kwenye kiganja chenye unyevunyevu na halionekani. Mtoto mdogo hufyonza risasi anayoimeza mara 4 hadi 5 kuliko mtu mzima, kwa hiyo mikono ile miwili ndiyo mahali pa kuanzia.

Mkishaona hivyo, mambo ya kufanya yanajieleza. Mikono ioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kabla ya kila mlo, kabla ya kulala na kila mtoto anapotoka kucheza. Dawa ya kupaka ya kuua vijidudu haisaidii hapa, kwa sababu metali si kijidudu. Inatakiwa kuondoka kwenye ngozi. Viatu vibaki nje ya mlango. Sakafu ipigwe deki kwa kitambaa kilicholowa, na kingo za madirisha zifutwe vilevile. Kufagia kukavu kunapandisha vumbi hewani na kulirudisha kitandani, kwa hiyo kama sakafu ni ya udongo, nyunyizeni maji kwanza ndipo mfagie. Maji ya deki yasimwagwe pale watoto wanapochezea wala kwenye bustani.

Anayefanya kazi machimboni, au anayepekua marudio akitafuta riziki, aoge na abadilishe nguo kabla ya kumbeba mtoto. Nguo zake zifuliwe peke yake. Najua hili ni gumu kwa mtu aliyerudi amechoka, mtoto akimkimbilia kwa furaha. Wekeni ndoo ya maji na nguo safi nje, zimsubiri yeye.

Kusaga mawe, kuosha kwa zebaki na kuchoma mchanganyiko wake kusifanyike nyumbani hata kidogo, na vyombo vya kazi hiyo visirudi jikoni. Mvuke wa zebaki hauonekani, unajaa chumbani, na aliyelala chumba cha pili anauvuta pia.

Uwanja wenye udongo wazi ufunikeni. Nyasi zilizoshika vizuri, au tabaka la udongo safi au kokoto zilizotoka mbali na mgodi, hupunguza vumbi sana. Anzeni na pale watoto wanapocheza zaidi, chini ya mti wa kivuli na mbele ya mlango. Na lundo lenyewe liwekewe uzio na alama, hata wa miti na miiba wakati mnasubiri ulio bora.

Hatua ya 4: Maji ya kunywa

Kuchemsha hakuondoi metali. Maji yanapungua kwa mvuke, metali inabaki, na kila tone lililobaki linakuwa na sumu nyingi zaidi kuliko mwanzo. Klorini nayo haiiondoi, wala kitambaa cha kuchujia. Nasisitiza kwa sababu familia nyingi zenye bidii huchemsha maji kila siku na kuamini zimemaliza kazi. Endeleeni kuchemsha kwa ajili ya kipindupindu na taifodi, lakini kwa metali dawa ni kubadilisha chanzo: maji ya mvua yanayovunwa kwenye paa lililo mbali na vumbi la mgodi, huku mvua ya kwanza ikiachwa ipite maana inaosha paa, kisima kilicho upande wa juu, ambako maji ya mgodi hayafiki, na kilichopimwa, au maji ya bomba kutoka sehemu nyingine. Kuna mitambo ya kuchuja inayoondoa risasi au aseniki, lakini iliyotengenezwa kwa risasi huenda isiguse aseniki. Msinunue kabla ya kupima maji na kujua mnapambana na nini.

Viwango vya Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni hivi: risasi mikrogramu 10 kwa lita, aseniki 10, kadimiamu 3, zebaki 6. Viandikeni mahali, mtavihitaji majibu ya maabara yakirudi.

Hatua ya 5: Pimeni udongo na maji kwa namna ambayo hakuna atakayeikataa

Sampuli iliyochukuliwa ovyo humpa mwenye mgodi na afisa asiyetaka kazi sababu ya kuitupa. Kabla ya kuchukua chochote, zungumzeni na maabara: chuo kikuu, mkemia wa serikali, au mamlaka ya mazingira. Waulizeni wanataka kiasi gani, kwenye chombo gani, na kama wana kifaa cha mkononi kinachosoma metali kwa miale ya eksirei. Kifaa hicho kinatoa majibu ya udongo papo hapo, na kwa siku moja mnaweza kupita nyumba nyingi.

Kwa udongo wa uwanja chukueni sentimita 2 au 3 za juu tu, kwa sababu ndizo zinazoshikwa na mtoto. Kwa shamba chimbeni hadi sentimita 20, palipo na mizizi. Katika kila eneo chukueni sehemu tano au zaidi, changanyeni kwenye ndoo safi ya plastiki, kisha mjaze mfuko mmoja. Koleo lioshwe kabla ya kuhamia eneo lingine. Andikeni kwenye mfuko namba, tarehe, saa na jina la aliyechukua. Piga picha mahali penyewe mfuko ukiwa chini, na simu ihifadhi mahali kwa ramani. Msikose sampuli ya kulinganishia, ya udongo wa aina ileile lakini mbali na mgodi na upande ambao upepo haupelekei vumbi. Bila hiyo mtaambiwa udongo wa huku ndivyo ulivyo tangu uumbaji.

Kwa maji, chukueni upande wa juu kabla hayajafika mgodini, pale yanapotoka mgodini, na upande wa chini, kisha kwenye kila kisima. Tumieni chupa za maabara, kwa kuwa baadhi zimewekwa asidi ya kuzuia metali kuganda kwenye kuta. Hizo msizisuuze wala msiziguse ndani. Rudieni kiangazi na masika. Mvua kubwa ya kwanza baada ya ukame husukuma mtoni kila kilichokauka juu ya malundo, na siku ile ndiyo maji huwa mabaya zaidi.

Kusoma majibu ya risasi kwenye udongo: Marekani ilitumia kwa miaka mingi miligramu 400 kwa kilo kama kikomo cha kuanza kutilia shaka udongo wa makazi, na mwaka 2024 ikashusha hadi 200. Kama nchi yenu haina kiwango chake, hiyo ni namba ya kuwekea mjadala.

Hatua ya 6: Pimeni watu, mkianza na watoto chini ya miaka 6 na wajawazito

Risasi hujificha kwenye mifupa kwa miaka mingi ikijifanya kalsiamu. Mama akiwa mjamzito mifupa yake hutoa kalsiamu kwa ajili ya mtoto, na risasi aliyoivuta akiwa msichana hutoka nayo. Kwa hiyo hata aliyehama zamani anastahili kupimwa.

Kipimo cha risasi ni damu. Tone la kidoleni linafaa kwa kuchuja watu wengi, lakini mkono uoshwe kwa sabuni kwanza, la sivyo mnapima vumbi la kidoleni. Jibu likiwa juu, lirudiwe kwa damu ya mshipa. Aseniki na kadimiamu hupimwa kwenye mkojo, vivyo hivyo zebaki ya mvuke. Zebaki inayotokana na samaki hupimwa kwenye damu au nywele. Anayekwenda kupima aseniki asile samaki wala viumbe vya baharini kwa siku tatu au nne kabla, maana vina aseniki ya aina nyingine isiyodhuru sana ambayo itavuruga jibu.

Dalili zipo, ila huja kwa kuchelewa na hufanana na magonjwa mengine. Risasi: tumbo kusokota, choo kigumu, upungufu wa damu, mtoto mzito kujifunza, ikizidi sana, degedege. Aseniki: madoa kwenye ngozi, viganja na nyayo kuwa vigumu kama zenye sugu. Zebaki: mikono kutetemeka, usingizi kupotea, hasira zisizo na sababu. Kadimiamu hushambulia figo na mifupa. Mtoto wa eneo la mgodi akipata degedege, apelekwe hospitali mara moja, na mwambieni daktari wazi kwamba mnaishi karibu na mgodi. Daktari asiyeambiwa atatibu malaria.

Hatua ya 7: Majibu yakija juu

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, linataka chanzo kitafutwe na kuondolewa kwa yeyote mwenye risasi ya mikrogramu 5 au zaidi kwa desilita ya damu. Mtoto mwenye 45 au zaidi anahitaji dawa za kunasa risasi na kuitoa mwilini kupitia mkojo, chini ya usimamizi wa daktari.

Hapa ndipo somo la Zamfara linapouma. Dawa zilikuwepo, lakini kumtibu mtoto na kumrudisha kwenye uwanja uleule kulikuwa sawa na kuchota maji kwa pakacha. Kwa hiyo vijiji vilisafishwa kwanza, udongo wa juu ukaondolewa na safi ukaletwa, ndipo matibabu yakaanza. Kijiji cha Bagega kilisubiri usafishaji hadi mwaka 2013, na watoto wake walisubiri dawa muda wote huo. Mkikaa na serikali au wafadhili, ombeni usafishaji na matibabu kwa pamoja, katika ombi moja.

Msinunue dawa za mitaani zinazodaiwa kusafisha damu. Baadhi ya dawa za kienyeji zimewahi kukutwa na risasi ndani yake. Kinachosaidia nyumbani ni mtoto kula mara kwa mara na kushiba, kwani tumbo tupu hufyonza risasi zaidi, na kupata chakula chenye madini ya chuma, kalsiamu na vitamini C: maharage, maziwa, mboga za majani safi, matunda. Anayenyonyesha asiache kwa hofu yake mwenyewe, apimwe, ashauriwe.

Kipimo kirudiwe. Risasi ya kwenye damu hupungua kwa nusu katika takriban mwezi mmoja kama mtu ametoka kwenye sumu, lakini ile ya mifupani huirudisha juu, hasa kwa aliyeishi nayo muda mrefu. Namba isiyoshuka inasema bado kuna njia hamjaiona. Rudini kwenye ramani ya hatua ya pili.

Hatua ya 8: Shamba na mifugo

Matunda yanayoota juu ya miti kwa kawaida hubeba metali kidogo. Mboga za majani na mazao ya mizizi ndiyo ya kuogopa: majani hushika vumbi na hufyonza kadimiamu, mizizi hubeba udongo kwenye ganda. Osheni kwa maji mengi, menyeni maganda, tupeni majani ya nje. Mkiweza, limeni kwenye matuta yaliyoinuliwa sentimita 30 kwa udongo safi, chini mkitandika kitambaa kigumu kisichopitisha mizizi.

Chokaa ya kilimo hupunguza asidi ya udongo na kuzuia mimea kufyonza risasi na kadimiamu. Kwa aseniki mambo hugeuka, kwani chokaa au mbolea ya fosfeti inaweza kuilegeza. Pimeni kwanza. Mifugo isilishwe juu ya malundo, na maini na figo za wanyama waliokulia hapo zisiliwe, kwa sababu humo ndimo metali hujikusanya.

Hatua ya 9: Daini kwa maandishi, na mwendelee kudai

Andikieni mamlaka ya mazingira, ofisi ya madini na ofisi ya afya barua moja yenye nakala kwa wote. Ambatisheni ramani, majibu ya maabara na picha. Majibu ya damu ya watu yaambatishwe bila majina, na kwa ridhaa yao. Mtoto asije akanyanyapaliwa shuleni kwa namba yake. Ombeni mpango wa kufunga mgodi, taarifa za upimaji wa zamani, na dhamana ya fedha za usafishaji kama iliwekwa. Barua ipokelewe kwa muhuri na tarehe. Kama mgodi hauna mwenyewe, mdaiwa ni serikali.

Japani inaonyesha uvumilivu unaotakiwa. Kando ya mto Jinzu, mkoani Toyama, wanawake walivunjika mifupa kwa maumivu yaliyoupa ugonjwa jina lake, itai-itai, yaani "inauma, inauma". Daktari wa hapohapo, Noboru Hagino, alishikilia kwamba chanzo ni kadimiamu ya mgodi wa Kamioka ulioko juu ya mto, na alipingwa kwa miaka. Serikali ilikubali mwaka 1968, wakazi wakashinda mahakamani mwaka 1971, na kazi ya kubadilisha udongo wa mashamba ya mpunga ilimalizika mwaka 2012. Katika makubaliano waliyopata baada ya kesi, wakazi walipewa haki ya kuingia mgodini na wataalamu wao wenyewe kukagua. Wameingia kila mwaka tangu wakati huo.

Haki hiyo iandikeni kwenye madai yenu ya kwanza kabisa. Teueni sasa watu watakaoitumia, wakiwemo vijana, na nakala za ramani na majibu zitunzwe kwenye nyumba tatu tofauti.